Kumpeleka mama Kamikochi: gari la kukodi au basi la Nohi?

Msomaji wetu anayesoma Nagoya, Japani, ameandika hivi:

"Shikamoo. Mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Tanga katikati ya Oktoba. Ana miaka 64 na goti la kulia linamsumbua. Nina siku tatu za kumtembeza, na ningependa aone mji wa Takayama, bonde la Kamikochi, mlima Norikura na kile kijiji cha nyumba zilizoezekwa kwa nyasi, Shirakawa-go. Wanafunzi wenzangu wanasema nikodi gari, la sivyo tutakwama njiani, kwa sababu huko milimani kampuni moja tu ya mabasi, Nohi, imeshika njia zote, na madereva wenyewe siku hizi hawatoshi. Je, nilitegemee basi nikiwa na mama? Na imekuwaje kampuni ya mkoani ikaachiwa njia zote hizo?"

Marahaba, dada. Litegemee basi. Ukikodi gari Takayama utaliendesha saa nzima hadi Hirayu, kijiji cha maji moto ambako mabasi ya milimani hubadilishwa, utalipia maegesho, kisha wewe na mama mtashuka na kupanga foleni pamoja na watu waliokuja kwa basi tangu mwanzo. Kamikochi gari binafsi haliingii siku yoyote ya mwaka, na Norikura ni vivyo hivyo. Katika sehemu nne ulizozitaja, hizo mbili ndizo za milimani hasa, na mlango wa zote mbili ni basi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni namna ya kuipanga safari ya basi ili goti la mama lisiteseke, na hilo nitalijibu kwa kirefu. Kwanza niruhusu nieleze mambo yalivyofikia hapo, kwa sababu anayeijua historia ya njia hizi huisoma ratiba yake kwa macho mengine.

Kamikochi iko upande wa mkoa wa Nagano, kimo cha mita 1,500 hivi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Chubu Sangaku iliyotangazwa mwaka 1934. Mto Azusa unapita katikati ya bonde, maji yake ni maangavu kiasi cha kuyaona mawe ya chini, na juu yake imesimama milima ya Hotaka inayopita mita 3,000. Ukingoni mwa njia ya kuingilia kuna ziwa dogo la Taisho, lililotokea mwaka 1915 volkano ya Yakedake ilipolipuka na tope lake kuuziba mto. Mabasi yalianza kufika huko miaka ya 1930. Wajapani walipoanza kumiliki magari kwa wingi, bonde hilo lenye njia moja tu ya kuingilia na kutokea likaelemewa. Magari yaliegeshwa kila penye upenyo na msongamano ukawa wa kutisha. Mwaka 1975 wakaanza kuyazuia magari binafsi kwa majira ya wageni wengi, na kuanzia mwaka 1996 zuio likawa la mwaka mzima. Baadaye hata mabasi ya kukodi ya vikundi vya watalii yakawekewa siku ambazo hayaruhusiwi kupanda.

Mlango wenyewe wa bonde ni handaki linaloitwa Kama. Handaki la zamani lilitosha gari moja tu kwa upana, likiongozwa na taa: upande mmoja unapita, wa pili unangoja. Jipya, lenye urefu wa mita 1,310, lilifunguliwa mwaka 2005. Lina njia mbili, lakini mwinuko wake bado ni karibu asilimia 11, na usiku lango lake hufungwa. Mkiwa ndani yake injini itanguruma na basi litapunguza mwendo. Mwambie mama mapema, asishtuke.

Habari ya Norikura naipenda zaidi, kwa kuwa pale watu walikuwa na nafasi ya kuchagua. Barabara ya kupanda mlima huo ilianzishwa na jeshi wakati wa vita, ili kupeleka injini za ndege kujaribiwa kwenye hewa nyembamba. Mwaka 1973 ikafunguliwa kama barabara ya kulipia kwa magari ya watalii, ikafika Tatamidaira, mita 2,702 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mpaka leo ndipo penye kituo cha basi kilicho juu kuliko vyote Japani. Kwa kulinganisha, kibanda cha Mandara kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro kiko mita 2,720, na kule wapandaji hufika kwa miguu. Muda wa kutoza ada uliisha mwaka 2002 na barabara ilikuwa iwe ya bure. Kila mtu aliona kitakachofuata: magari yangemiminika hadi kileleni, kwenye makazi ya raicho, ndege wa milima mirefu wa jamii ya kwale ambaye Japani inamlinda kisheria. Ndipo mwaka 2003 wakaamua kwamba barabara haitatozwa, lakini watakaopita ni mabasi, teksi na baiskeli tu. Kwa maoni yangu huo ni mmoja wa uamuzi bora kabisa wa usafiri uliowahi kufanywa katika milima ya nchi hii, na ulifanyika huku wenye maegesho na maduka ya juu wakijua fika kwamba wageni watapungua.

Sasa nije kwa kampuni yenyewe. Wenzako wamekosea kidogo waliposema ni kampuni moja. Nohi, yenye makao yake Takayama, inahudumia upande wa mkoa wa Gifu. Upande wa pili wa mlima, kutoka mji wa Matsumoto, mwenye njia ni Alpico Kotsu, kampuni iliyotokana na reli ndogo ya Matsumoto iliyoanzishwa mwaka 1920. Safari ya kati ya Takayama na Matsumoto wanaiendesha kwa pamoja, na hata mabasi ya kutoka Hirayu kuingia Kamikochi ni ya kampuni zote mbili. Kwenda Shinjuku, Tokyo, Nohi inashirikiana na Keio. Kwenda Kanazawa kupitia Shirakawa-go inashirikiana na Hokutetsu. Ukiona basi la rangi tofauti limekuja kwa saa iliyoandikwa kwenye ratiba yako, panda bila wasiwasi baada ya kusoma linakokwenda.

Nohi iliundwa mwaka 1943. Wakati ule serikali ilikuwa inaunganisha kampuni ndogondogo za usafiri nchi nzima, kila eneo libaki na kampuni moja au chache, kwa sababu mafuta na matairi vilikuwa vya kugombania. Vita vikaisha, muungano ukabaki. Kwa miaka mingi sheria haikuruhusu mwingine aingie kwenye njia iliyokwisha kuwa na mwenyewe pasipo serikali kuona kama abiria wanatosha. Mwaka 2002 sheria ililegezwa. Anayetaka njia na akatimiza masharti sasa anaweza kupewa, na aliyechoka anaweza kujitoa kwa kutoa taarifa mapema. Hata hivyo hakuna msururu wa washindani waliokimbilia Hida, eneo la milima linaloizunguka Takayama, na ukiitazama ramani utaelewa.

Takayama, baada ya kuunganishwa na miji na vijiji vya jirani mwaka 2005, ndiyo manispaa yenye eneo kubwa kuliko zote Japani: kilomita za mraba 2,177, karibu sawa na mkoa mzima wa Tokyo. Zaidi ya asilimia 90 ya eneo hilo ni msitu, na wakazi hawafiki 90,000. Basi la kijijini huko linabeba mwanafunzi mmoja asubuhi na bibi wawili wanaokwenda hospitali saa nne, kisha linarudi tupu. Hakuna nauli itakayolipa mafuta ya njia ya namna hiyo, achilia mbali mshahara wa dereva. Kampuni za aina hii huishi kwa kuchanganya: njia za mwendo mrefu za miji mikubwa na njia za watalii ndizo zinazoleta fedha, na njia za vijijini zinabaki barabarani kwa ruzuku ya serikali, ya mkoa na ya manispaa. Nauli mtakayolipa kupanda Kamikochi inasaidia kuiweka hai kampuni inayompeleka bibi wa bonde la jirani hospitalini mwezi Februari, theluji ikiwa imefunika kila kitu na mtalii wa Kamikochi hayupo. Hilo mimi hulikumbuka kila ninapomsikia mgeni akilalamika kwamba nauli za mlimani ni ghali. Ni ghali kweli kwa kilomita, na sababu yake ndiyo hiyo.

Na majira yenyewe ni mafupi mno. Kamikochi hufunguliwa katikati ya mwezi Aprili na kufungwa Novemba 15. Barabara ya Norikura kwa upande wa Hirayu huwa wazi tangu Mei 15 hadi Oktoba 31. Nje ya hapo theluji ndiyo yenye mlima.

Kuna jambo moja lililobadilisha maisha ya mabasi haya kuliko jingine lolote, nalo mtalipita kwa dakika chache tu bila hata kuligundua: handaki la Abo, kati ya Hirayu na upande wa Nagano. Kabla yake kulikuwa na njia ya kupanda na kushuka mlima wa Abo, kimo cha mita 1,790 hivi, yenye kona kali ambazo mabasi mawili makubwa yakikutana lazima moja lirudi nyuma. Majira ya majani mekundu foleni zilichukua masaa. Majira ya baridi njia ilifungwa kabisa, na Takayama na Matsumoto zikawa miji isiyofikiana. Kuchimba handaki hilo hakukuwa rahisi, maana linapita kwenye ardhi ya volkano. Februari 1995 mvuke ulilipuka kwenye eneo la ujenzi la Nakanoyu, upande wa Nagano, na wafanyakazi wanne wakafa. Handaki lilifunguliwa Desemba 1997, miezi miwili kabla ya Olimpiki ya Nagano, likiwa na urefu wa mita 4,370. Tangu hapo basi la Takayama na Matsumoto linakwenda mwaka mzima, kwa saa mbili na nusu hivi. Mkipita humo, mwambie mama habari ya wale wanne. Ni haki yao kukumbukwa.

Kuhusu madereva, wenzako wamesema kweli. Hili linaisumbua Japani nzima. Dereva wa basi anahitaji leseni ya daraja maalumu la kubeba abiria, kazi huanza alfajiri, mshahara kwa muda mrefu umekuwa chini ya kazi nyingine nyingi, na waliopo wanazeeka. Desemba 2023 kampuni ya Kongo, karibu na Osaka, iliacha kabisa kuendesha mabasi, na upungufu wa madereva ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Aprili 2024 kanuni mpya za kazi zikaanza: masaa ya ziada yasizidi 960 kwa mwaka, na mapumziko kati ya zamu moja na nyingine, ambayo zamani yaliruhusiwa kuwa masaa manane, sasa yasipungue tisa, huku lengo likiwa kumi na moja. Kwa afya ya dereva na usalama wa abiria ni kanuni nzuri, nami naziunga mkono kwa moyo wote. Sitaki mama wa mtu yeyote ashushwe kwenye zile kona na dereva aliyelala masaa matano. Lakini zina bei yake. Madereva walewale sasa wanaweza kuendesha safari chache zaidi, hivyo safari za alfajiri na za jioni ndizo zinazokatwa kwanza. Mwezi Machi mwaka huohuo serikali iliingiza udereva wa basi, teksi na lori kwenye orodha ya kazi zinazoruhusiwa kwa wageni wenye viza ya ujuzi maalumu. Kama una kaka au binamu anayeuliza kuhusu kazi Japani, njia hiyo ipo, na kikwazo chake kikubwa ni lugha.

Je, basi litafika? Litafika, tena kwa dakika iliyoandikwa, isipokuwa barabara imefungwa au ni siku ya foleni kubwa. Upungufu wa madereva hauonekani kwa basi kuchelewa. Unaonekana kwa basi kutokuwepo kwenye ratiba. Ndiyo maana nakusihi usitumie ratiba uliyopewa na rafiki aliyekwenda mwaka jana. Ingia tovuti ya Nohi na ya Alpico wiki moja kabla ya safari, angalia tarehe ya ratiba, kwa sababu hubadilika kwa majira, na jambo la kwanza la kuandika kwenye daftari lako liwe saa ya basi la mwisho. Milimani basi la mwisho huondoka mapema jioni, wakati Nagoya watu ndio kwanza wanatoka kazini.

Sasa safari yenyewe. Umesema siku tatu. Ningeiondoa Shirakawa-go. Najua unaitamani, nyumba zile ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1995 na zinastahili. Lakini kijiji hicho kiko kaskazini-magharibi ya Takayama, upande wa pili kabisa wa njia ya Kamikochi, na kukiingiza humo ni kumfanya mama akae kwenye viti vya basi siku nzima ya pili au ya tatu. Kutoka Nagoya kuna mabasi ya moja kwa moja kwenda Shirakawa-go, ya Gifu Bus. Mpeleke siku nyingine, asubuhi kwenda jioni kurudi.

Epuka pia tarehe 9 na 10 Oktoba, kwa sababu ndizo siku za sikukuu ya vuli ya Takayama na vyumba vya kulala hujaa miezi kabla. Epuka mwisho wa wiki unaoungana na Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambayo ni mapumziko ya taifa. Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku zako. Majani ya Kamikochi kwa kawaida hufikia uzuri wake kati ya katikati na mwisho wa Oktoba, miti ya karamatsu ikigeuka rangi ya dhahabu, kwa hiyo tarehe za mama zimeangukia pazuri.

Siku ya kwanza nendeni Takayama. Treni ya Hida inachukua saa mbili na nusu hivi, na basi la mwendo mrefu linachukua muda zaidi kidogo kwa nauli nafuu. Kwa goti, ningechagua treni: anaweza kusimama, kutembea kwenye korido, kwenda msalani. Msishangae mkikuta viti vimeangalia nyuma kutoka Nagoya. Treni hugeuza mwelekeo Gifu na baada ya hapo mtasafiri mkiangalia mbele. Kituo cha mabasi cha Nohi kiko pembeni mwa stesheni ya Takayama. Mkishuka tu, ingieni mle, wewe ukanunue tiketi za kesho mama akiwa amekaa. Uliza dirishani kama kuna tiketi ya siku mbili kwa njia za Okuhida, yaani Hirayu na vijiji vya jirani yake, na ulinganishe na nauli za kawaida. Kwa ziara mnayoipanga mara nyingi hupunguza gharama. Mizigo mikubwa iacheni hotelini au kwenye makabati ya kukodi ya stesheni, na mlimani pandeni na begi moja kila mtu.

Siku ya pili, asubuhi mapema, Takayama hadi Hirayu. Ni saa moja hivi, na Hirayu kuna choo, duka na mahali pa kukaa. Basi la njia hiyo halina choo ndani, mweleze mama kabla. Hapo mnabadilisha basi la Kamikochi, kama dakika 25 hadi 30. Ukiwa na mtu mwenye miguu mizima ningekwambia mshuke ziwa la Taisho na kutembea hadi daraja la Kappa, saa moja hivi, tambarare. Kwa mama yako, angalieni goti asubuhi hiyo. Likiwa zuri na kumekauka, mnaweza, mkipumzika njiani. Baadhi ya sehemu ni njia za mbao ambazo zikilowa huteleza. Likiwa halimpi raha, nendeni moja kwa moja hadi kituo kikuu cha Kamikochi. Kutoka hapo daraja la Kappa ni dakika tano za kutembea, na mandhari ya Hotaka ataiona yote akiwa amekaa kwenye benchi. Beba sarafu za yeni 100, vyoo vya bondeni vinaomba mchango.

Kurudi ndiko kunakowashinda wageni wengi. Msingojee basi la kurudi kwenye vituo vya njiani kama vile Taisho siku ya watu wengi, kwa kuwa basi likishajaa kule juu linaweza kupita bila kusimama. Pandeni kituo kikuu. Siku za msongamano pale hugawa karatasi za namba kwa kila basi. Mkifika kituoni asubuhi muulizeni mhudumu utaratibu wa siku hiyo kabla hata ya kwenda darajani. Na panga kuondoka bondeni mapema alasiri. Ukiacha hadi basi la mwisho, nawe ukalikosa, teksi ya kushuka itakugharimu vibaya.

Laleni Hirayu au mojawapo ya vijiji vya jirani vya Okuhida, msirudi Takayama usiku huo. Mama ataoga maji ya moto ya ardhini, na kwa goti hakuna kitakachomfaa zaidi baada ya siku ile. Mabafu ya pamoja watu huingia bila nguo, wanawake upande wao na wanaume wao. Kama mama hatapenda, na akina mama wengi wa kwetu hawatapenda, tafuta nyumba ya wageni yenye bafu la kukodi kwa familia, mkaingia wawili na kufunga mlango. Mnapoweka nafasi ya chumba, andikeni pia vyakula asivyokula. Suala la nguruwe wenyeji wanalielewa haraka. Pombe ya kupikia inahitaji maelezo, kwa sababu imo kwenye michuzi mingi na mpishi haihesabu kama pombe.

Siku ya tatu chagueni asubuhi hiyohiyo, baada ya kutazama anga. Norikura ni saa moja hivi kwa basi kutoka Hirayu. Lakini katikati ya Oktoba maua yameshakwisha, upepo ni mkali, barafu inaweza kuifunga barabara asubuhi bila taarifa ndefu, na mtakuwa mmepanda hadi mita 2,702 kwa muda mfupi. Mtu wa Tanga anaweza kuumwa kichwa na kukosa pumzi kidogo. Ndiyo maana kwa mama yako ningependelea Shin-Hotaka, mwisho wa njia ileile ya basi linalotoka Takayama kupitia Hirayu. Hapo kuna vyumba vinavyoning'inia kwenye waya, na vya sehemu ya pili vina ghorofa mbili, vya pekee Japani. Vinawafikisha mita 2,156, kwenye jengo lenye joto, choo na sehemu ya juu ya kutazamia milima. Atakuwa amepanda mlima wa Japani bila kupanda ngazi nyingi. Norikura iwe kwa siku angavu isiyo na upepo, goti likiwa zima, naye mwenyewe akitaka. Kabla ya safari hakikisheni tarehe za matengenezo ya nyaya hizo, kwa sababu kuna siku husimamishwa.

Kwenye basi lenyewe kanuni ni chache. Mkipanda bila tiketi ya dirishani, chukueni karatasi ndogo ya namba mlangoni, kila mtu yake. Mbele kuna ubao wenye namba na nauli zinazopanda kadiri basi linavyokwenda. Namba yenu ndiyo nauli yenu. Mtalipa wakati wa kushuka, kwenye sanduku lililo kando ya dereva, kiasi kamili. Sanduku lina mashine ya kuchenji, lakini mara nyingi haipokei noti kubwa, kwa hiyo uwe na noti za yeni 1,000 na sarafu. Usitegemee kadi yako ya treni ya Nagoya, inaweza isikubalike. Bonyeza kengele kabla ya kituo, na mama asisimame mpaka basi lisimame kabisa. Dereva hatawaharakisha. Yuko tayari kuchelewa nusu dakika kuliko abiria aanguke, na ukimwambia kwamba mama ana goti bovu atamsubiri akae ndipo aondoe basi. Mkalishe viti vya mbele, upande usio wa dereva: kuna nafasi ya mguu, haumwi na kichefuchefu cha kona, na anaona barabara.

Kama siku yenyewe itaamka na mvua kubwa au kimbunga, msiende Kamikochi. Oktoba bado ni mwezi wa vimbunga, na barabara ya taifa namba 158 pamoja na njia ya kuingia bondeni hufungwa mvua ikizidi kiasi, hata watu wakiwa tayari wako ndani. Bakini Takayama: soko la asubuhi kando ya mto Miyagawa na mitaa ya zamani ya Sanmachi vinamtosha kwa siku nzima, na vyote viko karibu na kituo cha basi.

Tiketi ya treni ya kurudi Nagoya nunua ya jioni ya siku ya tatu, ukiacha angalau saa moja na nusu kati ya basi la Okuhida kufika Takayama na treni kuondoka. Muda huo mama ataupenda kwa kununua zawadi za kwenda nazo Tanga, na majira ya majani mekundu foleni ya barabarani inaweza kuula wote.